Pua ya Tata Hilarion

Asunta aligundua siku ile mumewe alipokuwa akiungua huku anapiga soga.

Walikuwa jikoni wakimenya viazi. Tata Hilarion alikuwa kwenye kigoda chake, amevaa joho lake jekundu la safari ingawa hakuwa na safari. Alikuwa anamsimulia mkwe wao Nemesia jinsi alivyowahi kumtibu mke wa ofisa wa forodha upande wa Peru, mpaka ofisa mwenyewe akambebea mkoba kumvusha mpaka. Kaa la moto likaruka kutoka mekoni likatua kwenye pindo la joho. Sufi ikaanza kufuka. Jiko zima likajaa ile harufu ya sufi inayoungua, harufu ya kuamsha maiti. Simbilisi wakakimbilia pembeni, mbwa akatoka nje, Nemesia akaziba pua. Hilarion akaendelea na ofisa wake wa forodha.

"Mzee, unaungua!" Asunta akapiga kelele, akammwagia maji ya viazi mapajani.

Hilarion akatazama pindo, likiwa na tundu la ukubwa wa yai. "Aa. Niliona."

"Uliona, au ulisikia harufu?"

"Vyote viwili. Nilitaka nimalize hadithi kwanza."

Nemesia alicheka hadi akashika mbavu. Asunta hakucheka. Huyu alikuwa mwanamume ambaye angeweza kusimama mlangoni akakwambia maziwa haya ni ya kondoo yupi na jana alikula wapi. Ndiye aliyezoea kuingia ndani, akavuta pumzi mara moja na kusema, "Leo mama yako alikuja," na kweli bibi wa watu alikuwa keshaondoka tangu asubuhi.

Kesho yake Asunta akamtengenezea chai. Badala ya mnanaa wa mlimani akatia nyasi kavu alizozoa zizini, zile ambazo lama wamezilalia. Akampa, akakaa mbele yake, akamtazama anavyokunywa. Hilarion akanywa hadi tone la mwisho, akafuta masharubu.

"Mnanaa wa mwaka huu mtamu kweli," akasema.

Asunta akafunika uso kwa shali akalia.

Hakikuwa kilio cha bure. Katika vijiji vile vilivyo chini ya mlima Akhamani, mtu wa mkoba, yaani mganga anayetembea vijijini na mkoba wa dawa, ni pua yake. Majani yakishakauka yanafanana, mizizi ikishakatwa inafanana, na ndani ya mkoba wa Hilarion kulikuwa na vitu vya kila bonde kutoka kwenye theluji hadi msituni kwa nyani. Kilichotenganisha kimoja na kingine ni harufu. Mtu wa mkoba asiye na pua ni kama mtu anayegawa visu gizani. Na habari ikienea, hakuna mlango utakaomfungukia tena. Jina la babu yake, la baba yake na lake, majina matatu yaliyofungua milango ya njia nzima, yangezikwa siku moja.

"Tangu lini?" Asunta akauliza.

"Tangu ile homa. Ile ya dunia nzima." Hilarion aliangalia kikombe. "Nilidhani itarudi. Nimejifukiza kila kitu, mama. Hata pilipili nimevuta. Hakuna."

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba umeolewa na gogo?"

Laiti ingekuwa ni aibu ya nyumbani tu, wangeifunika na kuishi nayo. Lakini ujumbe ulikuwa umeshafika kutoka Chullpani, kijiji cha mwisho kwenye njia ya Hilarion, nyuma ya milima mitatu. Umepita mdomo kwa mdomo, kwa wachuuzi wa chumvi, hadi sokoni Charazani. Ulitoka kwa mjane Basilia. Mwanawe Rufino, dume la watu, amerudi kutoka machimboni baada ya mwamba kuwaangukia wenzake, na tangu arudi halali. Anakaa macho wazi usiku na mchana, ameanza kuongea na ukuta. Mwambieni Tata Hilarion aje, wala asichelewe.

"Edwin angekwenda," Hilarion akasema.

Edwin ni mwana wao, mume wa Nemesia. Alikuwa mjini El Alto akiendesha basi dogo, na mkoba wa baba yake hakuwahi kuutamani hata siku moja.

"Edwin hajui hata majani ya chai," Asunta akasema. Akajifuta macho, akasimama. "Nitakwenda mimi na wewe."

"Wewe?"

"Kwani una mwingine mwenye pua?"

*

Wanaume wa mkoba wana lugha yao. Si Kikechua cha nyumbani wala si Kihispania cha sokoni. Baba humrithisha mwana njiani, na wenyewe huiita lugha ya mkoba. Huiongea mbele ya wagonjwa wasipotaka kuwatia hofu, na huiongea jikoni wasipotaka wake zao wajue mambo. Wanawake hawaijui. Ndivyo isemwavyo. Wanaume wawili wakianza kuiongea mekoni, mwanamke wa kijiji kile hutazama dari, akakoroga chungu. Asunta alikuwa amekoroga chungu miaka arobaini.

Katika lugha hiyo kuna swali moja ambalo lazima liulizwe. Wasafiri wawili wa mkoba wakifika njia panda, mkubwa humwuliza mdogo, "Njia ipi, mwenzangu?" Hata kama mdogo ni mwanafunzi asiyejua kulia na kushoto, huulizwa, naye hujibu, "Yako ndiyo yangu." Ni adabu tu. Lakini neno hilo, mwenzangu, haliambiwi mtu asiyebeba mkoba.

Asubuhi ya kuondoka, Nemesia alishika ufagio, Asunta akamnyang'anya.

"Leo hufagii. Ukifagia siku ya safari unafagia nyayo za msafiri, hapati njia ya kurudi. Miaka yote hii nimekaa na vumbi kwa ajili ya huyu. Leo zamu yako."

Kumbe mtihani wa kwanza ulikuwa hapo hapo, ukutani kwa jirani. Don Walberto, naye mtu wa mkoba, alikuwa ameota jua na wenzake wawili. Akawaona wanapita, Hilarion mbele na joho lake lenye kiraka kipya, Asunta nyuma na kofia yake ya duara na mzigo mgongoni.

"Lo! Tata Hilarion! Umepata mwanafunzi?"

"Mke wangu anataka kutembea," Hilarion akasema.

"Ajabu! Kakaa miaka yote hajataka, leo ndiyo kataka?" Walberto akawageukia wenzake. "Au kasikia kuna mjane Chullpani?"

Wakaangua kicheko. Kisha Walberto akasema jambo kwa lugha ya mkoba, kwa sauti ya chini, na wale wawili wakacheka zaidi, mmoja hadi akapaliwa na majani ya koka. Hilarion masikio yakamuwaka. Asunta alitazama mawingu na kukaza fundo la mzigo wake, kana kwamba amesikia kuku.

*

Asunta hakuwahi kupita Charazani. Mambo ya mbele aliyajua kwa hadithi za mumewe tu, na hadithi hizo siku zote alizipunguza nusu, kisha nusu tena. Hilarion alikuwa amezoea kusema kwamba huko mbele watoto humkimbilia, wanawake humtandikia ngozi nyeupe, wazee humvulia kofia. Asunta alikuwa anasema ndani ya moyo wake: haya baba, tia chumvi, chumvi ya kwenu haiishi.

Basi kijiji cha kwanza tu, watoto walikimbia. Walitoka nyuma ya mawe wakipiga kelele, "Tata wa mkoba! Tata wa mkoba!" wakamshika pindo. Mwanamke akatoka na ngozi ya kondoo, nyeupe pe, akaitandika mahali pa jua. Mzee mmoja aliyepofuka jicho akavua kofia, akasimama hivyo kichwa wazi kwenye upepo hadi Hilarion alipomwomba aivae. Asunta akaona haya, haya za kweli, kwa kila alichowahi kupunguza.

Na kuna jingine hakulitarajia. Nyumbani Hilarion alikuwa mtu wa maneno mengi. Huku njiani alikuwa msikilizaji. Alikaa na bibi mwenye magoti mabovu akamwacha aanzie utoto wake. Hakumharakisha. Alimpa majani matatu ya koka yaliyo mazima, akapokea matatu, wakatafuna pamoja, na bibi akafika mwenyewe kwenye goti. Vidole vyake vikubwa vilipita juu ya ule mguu kama anayetafuta uzi kwenye kitambaa, na bibi akafumba macho. Asunta akajisemea: kumbe niliolewa na mtu wa namna hii, na sikuwahi kumwona kazini.

Kazi waliigawana kwa siri. Nyumbani Asunta alikuwa amenusa kila kifungu na kukifunga uzi wa sufi: kijani ni kikohozi, njano ni tumbo, buluu ni usingizi, nyekundu ni hatari. Mbele ya watu alikaa ubavuni pa mumewe. Hilarion akitoa kitu alikipitisha karibu yake kana kwamba anatafuta mwanga. Asunta akijikuna sikio, ndicho. Akikohoa, sicho. Mambo yakaenda. Kikohozi cha mtoto kikapata jani lake, tumbo la mchungaji likapata gome lake, watu wakashukuru kwa mahindi ya kuchemsha na nyama ya lama iliyokaushwa, na hakuna aliyeshuku. Walipokuwa peke yao njiani walicheka hadi machozi yakawatoka.

"Ulijikuna sikio kwa nguvu kama una chawa," Hilarion akasema.

"Nawe ulinipitishia gome puani hadi nikataka kupiga chafya. Chafya ni ndiyo au siyo?"

Lakini kwenye njia panda kicheko kilikatika. Hapo Hilarion alisimama, na Asunta akamsikia akinong'ona, kwa lugha ile, swali la zamani. Alilinong'ona kwa hewa, kwa marehemu baba yake labda. Kisha akajijibu mwenyewe, akashika njia ya kulia. Asunta akamfuata, na kitu kikamchoma kifuani.

Shida iliwakuta mtoni. Mvua ya mawe ilishuka wakiwa katikati ya maji. Hilarion akateleza, akaanguka magoti, mkoba ukazama. Waliutoa unachuruzika. Wakajibanza chini ya jabali, wakafungua kila kifungu na kukitandaza, nyuzi huku, mizizi kule. Hadi jua lilipotoka kesho yake vitu vilikuwa vimeanza kukauka, na wao wawili, waliolala na nguo mbichi, walikuwa wamechokana.

"Usiguse," Asunta akasema. "Nikachote maji, nikirudi ninuse nifunge upya."

"Asunta, hivi vitu nimevijua kabla hujaota jino la kwanza."

"Ulivijua ulipokuwa na pua."

Maneno hayo yalitoka kabla hajayapima. Uso wa Hilarion ukamshuka. "Basi nenda kachote maji," akasema taratibu.

Naye Asunta, badala ya kuomba radhi, akasusa. "Basi funga mwenyewe!" Akakaa mtoni muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji. Aliporudi, mkoba ulikuwa umeshafungwa na nyuzi zote ziko mahali pake, au ndivyo zilivyoonekana. Hakuuliza. Walitembea hadi Chullpani kila mmoja na upande wake wa njia.

*

Basilia alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita lama ng'ambo. Aliwapokea uani kwa mikono miwili, akamkumbatia Asunta kama dada yake. "Huyu ndiye mwenyewe? Tata, ulisema mkeo mzuri, hukusema mzuri hivi!" Kisha akamgeukia Hilarion, na sauti ikamvunjika. "Umekuja. Nilijua utakuja. Wewe hujawahi kuniangusha."

Aliwapa supu ya viazi vilivyogandishwa na kukaushwa, na katika pilikapilika zake alikuwa ameiacha ikashika chini. Ilinuka moshi na masizi. Asunta alimeza kijiko cha kwanza kwa kujikaza. Hilarion akamaliza bakuli, akalilamba.

"Basilia, supu yako haina mfano," akasema.

Asunta akamkanyaga mguu. Basilia alimtazama mgeni wake kidogo, akachukua bakuli.

Rufino alikuwa jikoni, amekaa ardhini, mgongo ukutani. Alikuwa mtu mkubwa, mikono kama majembe, lakini macho yalikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni. Bado alivaa koti la machimboni. Alisalimu kwa adabu, na katikati ya salamu akageuka akamwambia ukuta, "Ngojeni, ngojeni, nakuja." Mama yake akauma kidole.

"Anawajibu wenzake," akasema. "Waliobaki chini."

Majirani walikuwa wameshajaa. Baridi ya nje ilikuwa kali, basi walijibana mle ndani, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Asunta akashikwa mkono na kuketishwa na wanawake, ng'ambo ya meko. Akajaribu kuinuka. "Kaa, mama, kaa, wewe ni mgeni," wakamrudisha. Mtu akaongeza mavi ya lama motoni, hayajakauka vizuri, na moshi ukatanda hadi wakawa wanaonana kiuno kushuka chini.

Hilarion alipiga magoti mbele ya Rufino. Akabadilishana naye majani ya koka, akamwuliza majina ya wenzake. Rufino akayataja, moja, jingine, na kwa jina la mwisho taya likaanza kumtetemeka. "Sitaki kulala, Tata. Nikilala nawaacha."

"Huwaachi," Hilarion akamwambia. "Unawabeba. Lakini aliyechoka atabebaje?"

Hata wanaume wakainamisha vichwa. Hilarion akaomba maji ya moto, akafungua mkoba, akatoa kifungu chenye uzi wa buluu. Kwa mazoea akakiinua kuelekea upande wa mkewe, ingawa alikuwa mbali. Kisha akauvunja mzizi, ta, akautia kwenye kikombe.

Harufu ikapita juu ya moshi, ikamfika Asunta. Haikuwa ile ya mzizi wa usingizi, ambao unanuka soksi ya mtu aliyetembea wiki. Hii ilikuwa kali, ya kutu, ya chuma kilichonyeshewa. Ulikuwa mzizi wa kusugulia, unaopakwa kwenye viungo na mikono ikaoshwa mara mbili. Anayeunywa hulala kweli, na haamki.

Asunta akakohoa.

Basilia naye akakohoa. Mzee wa pembeni akakohoa, mtoto akakohoa, jiko zima lilikuwa linakohoa kwa ule moshi. Hilarion hakugeuka. Asunta akakohoa tena, kwa nguvu, hadi jirani yake akampigapiga mgongo na kumpa maji. Hilarion alikuwa anakoroga kikombe.

Angeweza kupiga kelele, "Usimpe!" Kikechua kila mtu pale alikijua. Wangesikia wote kwamba Tata Hilarion ametia sumu kwenye kikombe cha mgonjwa, na wachuuzi wa chumvi wangeibeba habari hiyo kijiji kwa kijiji hadi mlangoni kwao. Majina matatu yangekwisha hapo. Angeweza kunyamaza, lakini hilo halikuwezekana. Rufino alikuwa ameshanyoosha mkono, anaishukuru ile mikono inayompa.

Asunta akafungua mdomo, na kwa sauti iliyo tulivu, ya mtu anayeomba apishwe, akasema kwa lugha ya mkoba:

"Mwenzangu, huo ni mzizi wa kusugulia. Wa usingizi utakuwa kwenye uzi mwekundu."

Mkono wa Hilarion ukasimama hewani. Akageuka polepole, akamtazama mkewe katikati ya moshi kama mtu aliyesalimiwa na lama. Kinywa kilikuwa wazi. Hakuna aliyeelewa neno lile, lakini wote waliijua sauti ya lugha ile, na hawajawahi kuisikia ikitoka kwa mwanamke. Jiko likanyamaza, hata kikohozi kikasubiri.

Hilarion akakichukua kikombe kutoka vidoleni mwa Rufino. Akatoka nacho nje, akakimwaga mbali, akakipiga kwenye jiwe kikavunjika. Akarudi. Akafungua kifungu chenye uzi mwekundu, akautoa mzizi. Safari hii hakuupitisha puani pa mtu kwa hila. Alizunguka meko mbele ya wote, akapiga magoti mbele ya mkewe, akamnyooshea.

Asunta akanusa. "Ndio wenyewe," akasema, kwa Kikechua, kila mtu asikie.

"Basilia," Hilarion akasema bila kuinuka, "nimekuangusha. Mimi sina pua. Homa ilinichukulia. Nimepita kila kijiji cha njia hii nikijifanya ninayo, na leo nusura nimuue mwanao. Aliyemwokoa ni huyu. Ukitaka niondoke, nitaondoka sasa hivi, na sitakulaumu."

Basilia alikuwa amepauka uso. Alimtazama mwanawe, akautazama mlango kilikotolewa kile kikombe, akamtazama tena aliyekuwa magotini.

"Mtu aliyelamba supu ile," Basilia akasema hatimaye, "unadhani sikujua hana pua? Niliionja mwenyewe, nikawapa mbwa iliyobaki. Mbwa wamekataa."

Mtu mmoja akacheka, kisha mwingine, kicheko cha watu waliokuwa wameshika pumzi. Basilia hakucheka. Machozi yalimtiririka. "Nikawaza, kama hana pua na bado amevuka milima mitatu kwa ajili ya mwanangu, basi atakuwa amekuja na kitu. Kumbe mmekuja wawili. Haya, inuka, Tata. Tibuni."

Wakatibu. Asunta akakaa ubavuni pa mumewe, hakuna wa kumrudisha. Walichemsha mzizi, jiko likanuka soksi, na Rufino akanywa kwa kukunja uso. Kisha Hilarion akamvua koti la machimboni, akalipeleka mlangoni, akalipunga kuelekea upande wa machimbo, akiiita roho ya kijana iliyobaki chini kwa mshtuko. "Njoo, Rufino, njoo, nyumba yako hii, mama yako huyu." Sauti ikamkauka, Asunta akapokea. Waliita kwa zamu, mwanamume na mwanamke, hadi watu wa Chullpani wakaanza kuita nao, jiko zima, na Basilia kwa ile sauti yake ya kuita ng'ambo. Walipomrudishia koti mabegani, Rufino aliuegemeza mgongo wake kwenye kifua cha mama yake. Akasema, "Wanasema nipumzike." Akalala, akakoroma, na ule mkoromo ulikuwa mzuri kuliko ngoma.

*

Waliondoka jua likiwa limepanda. Rufino bado alikuwa amelala. Basilia aliwajazia mzigo wa viazi na mbegu, akamvika Asunta kamba yake mwenyewe ya kufungia shali, aliyoifuma akiwa msichana. Wazee walivua kofia, kwanza kwa Hilarion, kisha kwa Asunta, naye hakujua afanye nini na mikono yake.

Walitembea hadi kijiji kikapotea nyuma yao. Upepo ulikuwa mkali, jua kali.

"Tangu lini?" Hilarion akauliza mwishowe.

"Tangu mwaka wa kwanza. Wewe na baba yako mlikuwa mnabwabwaja mekoni kila siku. Mlidhani mimi ni jiwe la kusagia?"

Hilarion akatembea hatua kadhaa. Kisha akasimama ghafla. "Kwa hiyo... supu yako?"

"Maji ya kuoshea miguu. Ulimwambia baba yako hivyo wiki ya harusi."

"Na mama yako?"

"Chura aliyevaa sketi."

"Mungu wangu," Hilarion akasema, akajifunika uso kwa kofia. "Na Walberto, siku ile tunaondoka?"

"Hilo sirudii. Lakini mkewe Walberto naye anaielewa. Wote tunaielewa, mzee. Kijiji kizima."

Hilarion akakaa juu ya jiwe. Alianza kucheka, akakohoa, akacheka tena, kisha kicheko kikamwisha akabaki anatazama vidole vyake. "Miaka arobaini. Kwa nini hukusema?"

Asunta akashusha mzigo, akakaa karibu naye.

"Unakumbuka tulipomzika yule binti wetu wa kwanza?" akasema. "Ulikuwa msimu wa safari. Baba yako alikaa pale mekoni na mkoba, anakungoja. Ukaniambia kwa Kikechua, futa machozi, mwanamke, kazi ni kazi. Nilitaka kukuchukia."

Hilarion hakunyanyua kichwa.

"Lakini kabla ya hapo ulimwambia baba yako kwa lugha yenu. Ulimwambia, 'Baba, niache mwaka huu mmoja. Nikiondoka nitamkuta amekufa kwa huzuni, na mkoba mzima hauna dawa ya hilo.' Alikukatalia. Ukalia, ukasema moshi. Nilikuwa nakoroga chungu, Hilarion. Nilisikia kila neno. Ningesema kwamba nasikia, usingesema tena kitu cha kweli mbele yangu."

Hilarion alilia, bila moshi wowote wa kusingizia. Asunta akamwacha alie, akamshika mkono ule mkubwa, na alipomaliza akampa ncha ya shali.

Walifika njia panda jua likiwa kichwani. Njia ya kushoto ilirudi nyumbani, kwa Nemesia na vumbi lake lisilofagiwa. Ya kulia ilipanda kwenye vijiji ambavyo Hilarion, tangu homa ile, hakuthubutu kwenda. Alisimama katikati, akavua mkoba, akauvisha begani kwa Asunta, akaurekebisha mshipi usimwumize. Kisha akavua kofia, na kwa sauti ya kusikika, kwa lugha ya baba yake na babu yake, akauliza:

"Njia ipi, mwenzangu?"

Asunta alilijua jibu la adabu. Alikuwa amelisikia kwa miaka arobaini, akiwa nyuma ya chungu. Alivuta pumzi kwa pua, upepo wa kulia ulikuwa na harufu ya mnanaa wa mlimani na moshi wa jiko la mtu asiyemjua.

"Kulia," akasema, akatangulia.